Kichwa Chako, Saluni Yao: Mwongozo wa Kusuka na Kunyoa Ukiwa Ugenini

Nyumbani hakuna anayefundishwa namna ya kwenda saluni. Unaingia, unasalimia, unaambiwa "kaa hapo dada, nakuja", na hata huyo dada akija baada ya saa nzima, kuna soga, kuna redio, kuna muuza karanga anapita. Kenyatta Market pale Nairobi wasusi watatu wanaweza kukizunguka kichwa kimoja, kila mmoja na upande wake, huku wakipiga stori juu ya utosi wako. Hakuna aliyekuomba ruhusa ya kukuinamisha shingo, nawe hukuona haja ya kuombwa.

Ukitoka kwenu, hayo yasiyosemwa yanabadilika. Kuna mji utapakwa manukato ya spiriti usoni kabla hujafumbua macho, na kuna mji mwingine fundi hagusi hata nyusi mpaka umwambie. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Sawa, lakini hawakusema uvunje yote mawili. Mila ya nyumba ya watu ifuate, ila kichwa ni chako, na kila kinachokihusu kipatanwe kabla maji au mashine havijakigusa. Baada ya hapo utakuwa unabishana kuhusu nywele zilizokwisha kuanguka sakafuni.

Hatua ya 1: Jua unaingia saluni ya nani

Ujerumani, ninakoishi mimi, kuna dunia mbili. Ya kwanza ni Friseur wa kawaida, yaani fundi nywele wa Kijerumani: vioo vikubwa, orodha ya bei imebandikwa dirishani kwa sababu sheria inataka hivyo, sauti za chini, kila mtu na saa yake. Ya pili ni Afroshop: mbele kuna mafuta ya nywele, rasta za kila rangi, unga wa muhogo na samaki wakavu, nyuma kuna viti viwili vitatu na msusi kutoka Ghana, Kameruni au Nigeria. Ukitaka kusuka nenda huko. Ukitaka kukata nywele zilizowekwa dawa zikae sawa, yupo Friseur anayeweza, lakini si kila mmoja.

Muulize bila kuzunguka: umewahi kushika nywele kama zangu? Uingereza, kwa muda mrefu, mtu aliweza kuhitimu ufundi wa saluni bila kugusa nywele za kipilipili. Viwango vya kitaifa vya mafunzo vilirekebishwa mwaka 2021 ili nywele za aina zote ziwemo. Kwa hiyo fundi mzoefu wa miaka ishirini anaweza kuwa hajui, na akikwambia hajui amekufanyia wema. Mshukuru uondoke. Wa kuogopa ni yule anayejibu "nywele ni nywele" huku anatafuta chanuo lenye meno membamba.

Paris kuna somo lake. Ukipanda ngazi za metro kituo cha Château d'Eau, utadakwa na wapiga debe hata hujafika juu. Vijana wamesimama pale mchana kutwa: "Coiffure, ma sœur? Tresses? Tissage?", yaani nywele, dada? Kusuka? Kushonea? Wanalipwa kwa mteja wanayemleta, na bei wanayokutajia barabarani si lazima iwe bei ya msusi. Tabasamu, tembea, usikubali kushikwa mkono. Akikushika, utoe mkono wako kwa utulivu useme "non, merci" na uendelee na safari. Huna deni la maelezo. Ukishachagua saluni kwa macho yako mwenyewe, patana na yule atakayekusuka, si aliyekuleta: rasta ni za nani, ngapi, kuosha kumo au hakumo, na bei ya mwisho ni ipi. Aiandike kwenye simu, wote wawili muione.

Mtaa huohuo unakumbusha kwamba mipaka ina pande mbili. Mwaka 2014 wafanyakazi wa saluni iliyokuwa namba 57 boulevard de Strasbourg waligoma wakidai mishahara yao, wengi wao wakiwa hawana vibali vya kuishi Ufaransa. Chama cha wafanyakazi cha CGT kiliwasimamia. Kwa hiyo yale maswali tunayoyaona ya kawaida kwetu, umekuja lini, umekuja na nani, makaratasi yako yamekaaje, usimuulize mtu aliyeshika kichwa chako. Hujui unagusa kidonda gani. Na ukiona bei imeshuka kupita kiasi, jua kuna mtu anayeilipia hiyo tofauti, na mara nyingi ndiye aliyesimama nyuma yako.

Muscat ni kinyume cha vioo vya Ulaya. Saluni ya wanawake mlango umefungwa, kioo kimezibwa, ndani kuna pazia jingine, na mwanaume hapiti hata akiwa mumeo aliyebeba mtoto. Simu yenye kamera iache mkobani, kwa sababu wengine humo wamevua hijabu na abaya. Usishangae ukisikia Kiswahili cha Unguja kwenye kiti cha jirani. Familia nyingi za Oman zina mizizi Zanzibar. Ijumaa asubuhi usijisumbue, ngoja baada ya swala.

Hatua ya 2: Andika ujumbe kabla ya kwenda

Ulaya na Marekani miadi ni mkataba mdogo. Ukichelewa dakika kumi na tano kwa Friseur, kiti chako amepewa mwingine au huduma imepunguzwa. Jumatatu saluni nyingi za Ujerumani zimefungwa, desturi ya miaka mingi, kwa hiyo usiende kugonga mlango.

Wasusi wa Marekani wana masharti yanayomshtua mtu wa kwetu. Nywele uje nazo zimeoshwa, zimekaushwa na kunyooshwa, bila mafuta. Ulipe sehemu ya fedha mapema, na usipotokea hairudi. Usije na mtu. Hili la mwisho ndilo linalotuumiza, sisi tuliozoea kwenda saluni na mdogo wetu, mtoto, na jirani aliyekuwa hana kazi siku hiyo. Si dharau. Wengi wanasukia sebuleni kwao au kwenye chumba cha kupanga, na kila mgeni wa ziada ni mtu asiyemjua ndani ya nyumba yake.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Kwa mfano: "Habari. Nywele zangu ni za kipilipili, hazina dawa, urefu unafika mabegani zikivutwa. Nataka rasta nyembamba mpaka mgongoni. Nina ngozi ya kichwa inayouma haraka. Bei yote ni kiasi gani, rasta zimo, itachukua saa ngapi?" Ambatanisha picha ya nywele zako zilivyo leo, sio zile za harusi ya binamu yako. Picha ya mtindo unaoutaka iwe ya mtu mwenye nywele kama zako. Ukimpelekea picha ya Mzungu mwenye mawimbi, fundi atakubali tu kwa adabu.

Hatua ya 3: Amua mipaka yako ukiwa bado nyumbani

Mtu hakumbuki mipaka yake akiwa amelazwa kwenye sinki, shingo nyuma, maji ya moto yanatiririka. Iamue kabla.

Nani akushike? Uturuki mafundi wengi wa saluni za wanawake ni wanaume, na ni jambo la kawaida kabisa kwao. Kama hutaki, sema unapopiga simu kwamba unataka fundi mwanamke, au tafuta saluni za wanawake watupu, ambazo mitaa kama Fatih na Üsküdar pale Istanbul zipo. Kusema ukiwa umeshakaa ni kumwaibisha mtu asiye na kosa.

Nani akuone? Anayevaa hijabu Ulaya aulize maswali mawili, sio moja. La kwanza: kuna chumba cha pembeni? La pili: kina mlango au pazia tu, na nani huingia humo kuchukua taulo? Nimeona saluni iliyosema "ndiyo, tuna sehemu ya faragha", kumbe ni kiti cha mwisho nyuma ya ua la plastiki. Wengine hupewa saa ya mwisho kabla ya kufunga, dirisha likashushwa. Omba hilo; mara nyingi linakubalika kuliko unavyodhani, hasa ukiomba siku kadhaa kabla.

Picha je? Mafundi wengi sasa wanaishi kwa kurusha kazi zao mtandaoni, na utashtukia simu imeshainuliwa nyuma ya kisogo. Katika Umoja wa Ulaya sheria ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, inakupa nguvu ya kukataa picha inayokutambulisha isiwekwe. Amua: hapana kabisa, kisogo tu, au sawa. Usikubali kwa haya halafu ukaumia usiku ukiiona.

Na nywele zinazoanguka. Wako kati yetu wasiopenda ziachwe mikononi mwa mtu wasiyemjua, na sababu tunazijua wote. Huko ugenini zinafagiwa na kutupwa pamoja na za wengine. Kama jambo hilo linakukera, beba mfuko mdogo useme unapenda kuondoka na zako. Fundi atashangaa sekunde mbili, atakupa. Hakuna haja ya kumsimulia ya bibi.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya kitini, kabla ya maji

Hapa ndipo pa kutumia muda, hata kama unaona watu wamepanga foleni. Fundi mzuri wa Ulaya naye anayategemea mazungumzo haya. Atavuta kiti, atakutazama kwenye kioo, atasubiri. Usimjibu "fanya tu unavyoona". Kwetu ni heshima kumwachia fundi, kule ni kumpa ruhusa.

Urefu uoneshe kwa vidole, kisha umwombe naye akuoneshe vya kwake. Ujerumani ukisema "nur die Spitzen", yaani ncha tu, ncha zake zinaweza kuwa na kipimo kingine. Na kwa nywele za kipilipili kuna mtego: zikilowa na kuvutwa zinafika kidevuni, zikikauka zinapanda masikioni. Sentimita mbili zilizokatwa juu ya nywele iliyonyooshwa na maji zitaonekana nyingi zaidi zikishajikunja, na kama kikunjo chako si sawa kichwa kizima, upande mmoja utapanda kuliko mwingine. Mwambie akate zikiwa kavu katika umbo utakalolivaa, au azikaushe na kuzinyoosha zote kwanza ndipo akate. Akisema haiwezekani, huyo si fundi wako wa leo.

Rangi ina jambo ambalo dada wa pwani asilinyamaze. Kama uliwahi kupaka piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, harusini na mkono ukavimba, ukatoka malengelenge au ukabaki na alama za maua yaleyale kwa wiki kadhaa, mwambie fundi. Piko nyeusi mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD, ileile inayotia weusi kwenye rangi nyingi za nywele. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 kwa rangi inayofika kichwani. Piko ya mtaani haina wa kuipimia. Mwili ukishaichukia mara moja, unaweza kuichukia vikali zaidi mara ya pili, na safari hii ni kichwani, machoni na masikioni. Ndiyo maana saluni nyingi za Uingereza zinakutaka upite saa 48 kabla ya miadi upakwe tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko. Ukiambiwa hivyo usione wanakuzungusha. Na usiwadanganye kwamba umeshafanya kwingine.

Maliza kwa kutaja usiyoyataka: sitaki kutinda nyusi, sitaki picha, usinyoe nywele za shingoni kwa wembe. Yaseme ukitabasamu.

Hatua ya 5: Kwa kinyozi wa Kituruki

Kaka zetu wamejaa humo, na si Istanbul peke yake. London, Berlin na miji mingi ya Ulaya vinyozi wa Kituruki wapo kila kona, wazuri na wa bei nafuu. Tatizo ni kwamba kule kukatwa nywele ni mwanzo tu wa safari, na safari haina kituo mpaka uombe kushuka.

Unakaa, chai inaletwa kwenye kiglasi. Ipokee, ni ukarimu, haiingii kwenye bili. Mashine inapita, mkasi unapita, ndevu zinapakwa povu kwa brashi, wembe unabadilishwa mbele ya macho yako (ukiona haujabadilishwa, nyosha kidole uombe mpya, hakuna anayenuna). Halafu ghafla kinyozi anashika kijiti chenye pamba iliyolowekwa spiriti, anakiwasha moto, na anaanza kukugonga-gonga nacho sikioni. Ni kuunguza vinywele laini vya masikioni. Anajua anachofanya, moto haukai ngozini hata nusu sekunde, lakini mtu ambaye hakuambiwa ataruka, na kuruka ndiko kunakounguza. Kama hutaki, sema mapema "ateş istemiyorum", sitaki moto.

Kinachofuata ni uzi mashavuni au nta puani, kisha kichwa kinasukumwa mbele kwenye sinki kioshwe, uso chini. Kisha masaji: mabega, mikono, vidole kimoja kimoja, na wengine hushika kidevu na kisogo wakageuza shingo ilie. Hapo mimi ningesimama. Shingo ina mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo na haina sababu ya kuzungushwa kwa nguvu na mtu uliyemjua dakika arobaini zilizopita. "Masaj istemiyorum, teşekkürler" inatosha. Vinyozi wa Kihindi, Kipakistani na Kibangladeshi katika nchi za Ghuba nao wana masaji yao ya kichwa, matamu kweli, na baadhi yao humalizia na shingo. Inua mkono kabla.

Mwisho ni kolonya, yenye harufu ya limau na spiriti nyingi, inapigwa usoni palipotoka kunyolewa. Inauma kama adhabu. Mwenye ngozi inayotoka vipele vya ndevu, jambo la kawaida kwetu kwa kuwa unywele uliojikunja hurudi ndani ya ngozi ukikatwa chini sana, aombe mashine tu bila wembe, au wembe upite mara moja kufuata unywele ulikoelekea. Kinyozi ataona kazi yake haijakamilika. Mwache aone hivyo. Akishakupangusa atakwambia "sıhhatler olsun", kukutakia afya. Itikia "teşekkür ederim".

Na kwa wale wa Dar waliozoea baada ya kunyolewa kuhamia kiti cha pili, dada akaja na skrabu, maji ya moto na kukanda mabega: huo ni utamaduni wetu. Ukiingia duka la Ulaya ukaanza kuulizia "na yule dada wa kukanda yuko wapi?", utaeleweka vibaya sana.

Hatua ya 6: Majina, maongezi, na mikono ya kudadisi

Mtaa wa Matonge pale Brussels, kwa Wakongo, mwite msusi "maman" na mambo yatakwenda. Kilingala na Kifaransa ndivyo vinavyotawala, ila ukibahatika kumpata wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, mtaongea Kiswahili mpaka rasta ya mwisho. Lakini usimwite "mama" mwanamke wa Kijerumani wa miaka arobaini. Kwako ni heshima, kwake umemzeesha mbele ya wateja. Mwite kwa jina analojitambulisha nalo.

Ukimya wa Mjerumani si hasira. Baadhi ya saluni siku hizi zinakuruhusu uchague kiti cha kimya unapoweka miadi. Uingereza ni tofauti, utaulizwa kuhusu hali ya hewa na likizo unaenda wapi. Jibu lolote fupi linatosha, hakuna anayekupeleleza. Japani utafunikwa kitambaa chepesi usoni ukioshwa, utaulizwa kama kuna mahali panawasha, na wengi hujibu hapana hata pakiwasha. Ukikandwa mabega kidogo mwishoni, ni sehemu ya huduma.

Wa kuwekewa mpaka ni mteja wa kiti cha pili anayenyoosha mkono: "Ni zako kweli? Naweza kugusa?" wakati mkono umeshafika. Rudisha kichwa nyuma, useme "tafadhali, hapana", kisha nyamaza. Tusiongeze maelezo. Sisi tuna ugonjwa wa kumfariji aliyetukosea. Fundi naye akikuuliza mshahara wako, dini yako, au kwa nini hujaolewa, mwulize yeye nywele za jirani zile zimefanywaje. Ataelewa.

Hatua ya 7: Maumivu yasemwe mapema

Kwetu msichana anayelalamika akisukwa huambiwa avumilie urembo. Huo mzigo uache uwanja wa ndege. Rasta zilizovuta mpaka nyusi zimepanda, vipele vyeupe kwenye mstari wa paji, kichwa kisichoweza kulala juu ya mto wa kitandani: huko ni kung'oa nywele polepole, na zile za pembeni za paji zikizoea kung'oka haziahidi kurudi. Kwa Kifaransa sema "ça tire trop", inavuta mno. Kwa Kijerumani "das tut weh", inauma. Liseme kwenye rasta ya pili, usingoje ya sitini.

Dawa ikianza kuchoma, hakuna "ngoja kidogo ishike". Iondolewe. Usikune kichwa siku mbili kabla, na ukiwa na kidonda, ahirisha.

Sinki nalo si la kudharau. Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani alieleza katika jarida la kitabibu la JAMA wagonjwa watano waliopata kiharusi baada ya kulaza shingo nyuma kwenye sinki la saluni. Ni nadra, lakini kinga yake ni taulo lililokunjwa chini ya shingo na kuinuka ukisikia kizunguzungu. Mama na bibi zetu wanaokuja kututembelea waombewe taulo hilo bila kusubiri waseme.

Hatua ya 8: Mpaka ukivukwa

Tofautisha desturi na uovu. Kolonya ni desturi. Mkono unaotelemka kutoka begani kwenda kusikohusika na nywele si desturi ya nchi yoyote, hata ukiambiwa "huku ndivyo". Simama. Vua kile kitambaa cha shingoni wewe mwenyewe, hata kama nusu ya kichwa haijamalizwa, nenda mahali penye watu. Nywele nusu zinafungwa kilemba. Ukiwa Ulaya na unahisi hatari, 112 inapatikana nchi zote za Umoja wa Ulaya, bure. Andika saa, jina la duka na sura ya mtu siku hiyohiyo, kabla ndugu hawajaanza kukushauri uachane nayo.

Kama kosa ni la kazi tu, umeomba kupunguza ukanyolewa, sema ukiwa bado kitini. Usilipe, ukasema "nzuri, asante", ukalia kwenye basi. Ujerumani sheria inampa fundi nafasi ya kurekebisha kwanza, kwa hiyo mpe nafasi hiyo, na upige picha. Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ujuzi unaotarajiwa. Isipokuwa hivyo unaweza kudai irudiwe au upunguziwe bei. Sema kwa sauti ya kawaida, ukitaja kilichokubaliwa na kilichofanywa. Ukianza kupaza sauti, habari itageuka kuwa ya sauti yako.

Hatua ya 9: Kulipa

Marekani bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 inategemewa, na kutotoa ni kumwambia fundi hukuridhika. Ujerumani watu hutoa asilimia 5 hadi 10 au wanazidisha mpaka namba nzima; ukimpa noti na kusema "stimmt so", chenji ni yake. Istanbul karibu asilimia 10 inapendeza, na kijana aliyekuosha kichwa apewe chake mkononi. Japani usitoe, atakimbia nyuma yako barabarani kukurudishia. Kwenye Afroshop na kwa wasusi wa nyumbani, kaa na fedha taslimu, na usianze kuomba upunguziwe kazi ikishakwisha. Muda wa kupatana ulikuwa ule wa hatua ya kwanza.

Ukiridhika, weka miadi ijayo hapohapo. Desemba wasusi wazuri wanajaa mapema, na wale wanaobaki na nafasi tarehe 23 kwa kawaida wana sababu.